Nazi Niliyorithi kwa Mjomba

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Na wale wa Bwana Yesu asifiwe, nawasalimu kwa salamu yenu pia. Wazee wangu mlioshuka kutoka Rondo tangu alfajiri, na ninyi mliovuka kutoka Songo Songo na chumvi bado imewakaukia kwenye nyusi, shikamooni. Najua hamtaitikia kwa sauti. Mtu aliyekuja kwa shughuli iliyowaleta ninyi huitikia chinichini, huku amevuta msuli mbele. Vuteni tu, hapa ni nyumbani kwangu. Msuli huo nami niliuvuta miaka, na leo nimesimama mbele yenu ndani ya suruali.

Itazameni vizuri. Ya kijivu, ina marinda mbele, na pasi nimepiga mwenyewe. Nitawaeleza ilikotoka.

Wenzangu wa kikundi chetu cha tuliopasuliwa busha wameniomba niseme nanyi kabla ya kesho. Kesho asubuhi baadhi yenu mnaingia chumba cha upasuaji, na tangu jana nawasikia mkinong'onezana: "Ukiguswa kisu pale, basi, uanaume kwaheri." Nikaona maelekezo ya hospitali nitawapa baadaye. Kwanza mnijue mimi. Majina ya watu sitataja. Waliopo watajijua wenyewe, na wengine wataanza kucheka kabla sijawafikia.

Na nitajisifu, mnivumilie. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mihogo, nilimaliza darasa la saba na kaptura moja yenye viraka viwili nyuma kama macho ya bundi. Leo stashahada yangu ya uuguzi imetundikwa sebuleni humu Mtanda, ndani ya kioo, na mgeni hapewi chai kabla hajaisoma. Sifa hizi sikurithi kwa mtu. Acheni nizitumie.

Nilishuka kutoka Rondo nikiwa kijana, miaka ile neno ruksa lilipokuwa mdomoni mwa kila mtu. Mnakumbuka maduka yalivyokuwa kabla: rafu tupu, na muuzaji anapiga miayo. Mara ghafla sabuni za kunukia, redio, mashati ya Ulaya, na marobota ya mitumba yanashushwa kwenye malori yaliyotapakaa tope la Rufiji. Nikaanza kwa kubeba marobota ya watu. Baadaye nikabeba langu. Na mimi sikuuza kila kitu kama wengine, niliuza suruali. Ukitaka suruali ya kuolea Lindi nzima, unaambiwa nenda kwa yule kijana wa Rondo. Nilikutazama kiuno mara moja tu, nikakuvutia yako kutoka kwenye rundo, na hukuirudisha. Sikukosea kiuno cha mtu.

Katika marobota yale kulikuwa na vitu vya ajabu pia. Nilikuwa nikikuta chupi fulani za wanamichezo wa huko Ulaya, mbele zina mfuko, nyuma kamba mbili tu, matako nje. Nani Lindi atavaa hiyo? Watoto walizikata mipira wakatengenezea manati. Nilizitupia kwenye gunia chini ya meza. Likumbukeni gunia hilo.

Katika robota moja ikatoka suruali hii ya kijivu. Nikaitundika juu kabisa ya kibanda. Wateja wakaililia, nikawaambia: hii ina harusi. Maana nilikuwa nimeposa. Binti wa hapa hapa Mtanda, fundi cherehani, alikaa na cherehani yake ubavuni mwa kibanda changu akiwapunguzia wateja wangu suruali miguu. Mimi nauza, yeye anakata. Watu walisema hawa wameoana zamani, bado kadhi tu.

Ndipo mzigo ukaanza.

Ulianza upande wa kulia, kadogo kama yai la kuku wa kienyeji. Hauumi. Nikajisemea utaondoka. Ukafika embe, ukapita embe. Wazee wakasema mbele yangu, wakimsema mtu mwingine, kwamba busha linaletwa na kunywa madafu mengi. Nikaacha madafu. Mnacheka? Nani kati yenu hapo hajaacha madafu? Nikafunga na mizizi kiunoni. Mizizi ikakauka, mzigo ukanenepa.

Suruali zikakataa kufungwa. Muuza suruali mimi nikahamia kwenye msuli, na msuli uliponisaliti nikahamia kwenye kanzu pana. Sasa sikilizeni watu wa pwani tulivyo. Kijana wa sokoni akionekana na kanzu asubuhi, mchana na jioni, hakuna anayewaza ugonjwa. Wakaniita Ustadhi! "Mashallah, kijana mdogo, biashara kubwa, na dini hajaiacha." Wazee wananipisha njia. Akina mama wanawaambia watoto wao, mtazameni yule. Nami nashusha macho, nao wakasema angalieni na unyenyekevu wake.

Alasiri moja imamu alikuwa safarini. Wazee wakageuka wote kunitazama. "Tangulia, Ustadhi, tusalishe." Nilikuwa hata kusujudu siku hizo nasujudu kwa mahesabu, pembeni kabisa ya safu ya mwisho, karibu na mlango. Leo nirukuu mbele ya Lindi nzima, kila mtu yuko nyuma yangu? Nikasema, "Wazee wangu, udhu umenitoka," nikatoka kama ninayekwenda kuchota maji. Maji yale nimeyachota hadi nyumbani.

Huyo ni Ustadhi. Mchumba je? Harusi niliisogeza baada ya korosho. Korosho zikaisha, nikasema barabara imekatika. Barabara ikapona, nikasema mama anaumwa, na mama yangu alikuwa mzima anatwanga. Siku moja, bila kuinua macho kwenye cherehani, mchumba akaniuliza:

"Wewe unauza suruali. Mbona huvai?"

"Kinyozi hajinyoi," nikamjibu, nikijiona mjanja.

"Hajinyoi," akasema, "lakini ananyolewa."

Akaendelea kukanyaga cherehani. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kusikia cherehani ikilia kwa sauti ile.

Mjue nilivyokuwa nimekwama. Akiniona hivi nilivyo, atanikataa. Nikienda kupasuliwa, walisema sitazaa kamwe, naye atanikataa vilevile. Na kwao walikwishaanza kupokea wageni wengine.

Wakati huo ndipo mjomba wangu akafa.

Huyu ni kaka yake mama, ndiye aliyenilea Rondo. Naye alikuwa na mzigo, mkubwa, wa miaka mingi. Kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilitazama pembeni. Siku moja ukamkaza kwa maumivu, akatapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Wakamkanda kwa majani ya moto. Wakataka kumbeba hospitali, akakataa: "Sitavuliwa msuli na mtoto wa kike aliyezaliwa juzi." Alikuwa na heshima zake. Kesho yake tukamkosa.

Sasa wenzangu Wamwera mnajua msiba wetu, lakini wageni niwaeleze. Wangoni ni watani wetu tangu mababu walipopigana wakachoka. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kila kitu. Atalala kwenye njia jeneza lisipite, atavaa nguo za marehemu, atatembea kama marehemu, atakohoa kama marehemu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani msibani, umeaibisha ukoo.

Mtani aliyekuja siku ile alikuwa Mngoni wa Songea, muuguzi wa hospitali huku Lindi, mtu wa sauti kama mnadi samaki. Amekuja na nazi. Nazi kavu, nzima, makumbi yake hayajatolewa. Akaifunga ndani ya kitambaa, akaininginiza katikati ya mapaja chini ya msuli, akaanza kutembea uani kama mjomba. Miguu kama anayepanda punda. Anahema. Akitaka kukaa, anatuma mkono kwanza uende kupanga mambo, ndipo mwenyewe anafuata. Ndugu zangu, alikuwa mjomba mtupu! Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Mama yangu, mwenye msiba, kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

Nami nilicheka. Mpaka aliposimama mbele yangu.

"Wamwera!" akapaza sauti. "Si ninyi mnaosema mali ya mjomba ni ya mpwa?"

"Ndiyo!" wakamwitikia.

"Mikorosho ya marehemu?"

"Ya mpwa!"

"Panga lake?"

"La mpwa!"

"Na mzigo huu je? Mmemzika nao, au nao una mwenyewe?"

Hapo hawakuitikia. Akafungua kile kitambaa taratibu, akaitoa nazi, akaiweka mapajani pangu, juu ya kanzu.

"Pokea, mrithi," akasema. "Naona mdogo wake umeshaanza kumlea."

Ua likalipuka kwa kicheko, kisha vichwa vyote vikageuka kwa mara moja. Watu walinitazama kanzu. Wote. Ustadhi akafa siku ile ile ya mjomba, tukawa na misiba miwili. Nami sikuruhusiwa kukasirika. Nilionyesha meno kama ninayecheka, huku nimeikumbatia nazi kwa sababu sikujua pengine pa kuweka mikono.

Baadaye akanifuata nyuma ya jiko, nilikokwenda kujificha.

"Utani nimeuacha kule kwenye mkeka," akasema, na sauti yenyewe ilikuwa nyingine. "Sasa anayesema ni muuguzi. Mjomba wako hakuuawa na busha. Busha ni maji, mtu anazeeka nalo. Mjomba alikuwa na ngiri. Utumbo ulishuka kwenye pumbu, ukabanwa, ukafa. Tungempata mapema angekuwa anakula ugali leo. Ila hakuna mtu aliyemtazama. Na wewe, lako ni maji au utumbo?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Nitajuaje, na umelivalisha kanzu?"

Nikamuuliza swali ambalo ninyi mmelala nalo jana. "Nikikatwa, nitazaa?"

"Nani kakwambia tunakata hivyo? Tunafungua kifuko, tunatoa maji, tunakishona kisijae tena. Vyako tunakuachia palepale. Sisi Wangoni tuliiba ng'ombe wenu, lakini vitu hivyo hatukuiba hata vitani!"

Nilicheka, kicheko cha kweli cha kwanza kwa muda mrefu. Niliogopa kisu, lakini sasa niliogopa zaidi kufa kama mjomba, nikiwa na heshima zangu zote na tumbo gumu kama ubao.

Nilikwenda hospitali juma lililofuata, nazi nimeitia kwenye kikapu pamoja na nguo. Msiniulize kwa nini. Urithi hautupwi. Mtani akaniingiza chumba chenye giza, akanivua kanzu bila maneno mengi, akawasha tochi kwa nyuma ya mzigo. Pakang'aa pote, pekundu kama chemli yenye kioo cha rangi. "Tazama mwenyewe," akasema. "Utumbo haupitishi mwanga. Haya ni maji." Miaka yote ile sikuwahi kuutazama mzigo wangu kwa mwanga wowote.

Basi nikapewa kitanda. Na asubuhi ya kupasuliwa, wazee wangu, ndipo nilipokaribia kufa kwa aibu kabla ya kisu.

Mtu anayepasuliwa pale lazima aoshwe na kunyolewa vizuri, maana nywele na uchafu huleta usaha. Nimelala nangoja mtani. Pazia likafunguliwa, akaingia muuguzi wa zamu na trei yake, sabuni na wembe. Nikainua macho. Mama mdogo wa mchumba wangu! Mkwe wangu! Mama aliyekaa kwenye mkeka siku ya posa akanipa maji ya kunawa kwa mikono yake. Hata kwamba ni muuguzi nilijua, lakini wa wodi ya akina mama. Siku hiyo wamemhamishia kwetu.

Nikavuta shuka nikajifunika kichwa. Kutoka chini ya shuka nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Nikasikia pazia likivutwa, na sauti yake sasa ikatoka upande wa pili. "Mimi sijaona kitu. Nimeona shuka."

Nilikuwa nimeshashusha mguu natafuta ndala.

"Na ukikimbia," akasema, "nitauona mgongo."

Nikarudisha mguu. Akamwita mtani aje. Mtani alikuwa peke yake, muuguzi mwanamume pekee wa hospitali nzima, anakimbia kutoka wodi hadi wodi kama mtu anayezima moto. Akaja, akaanza kunitayarisha, na mkwe akakaa nje ya pazia akitoa maagizo. Sikilizeni adabu ya mtu huyu:

"Mwambie mkwe asiwe ameonja kitu tangu jana."

"Anasema usiwe umekula," mtani akaniambia, wembe mkononi.

"Nimesikia."

"Mkwe hasikii mpaka aambiwe," ikasema sauti ya nje. "Mwambie sindano ya mgongoni ni kama siafu, itauma kisha itanyamaza. Asitikisike."

"Anasema siafu."

"Mwambie nimeelewa."

"Anasema kaelewa, mama, ila anatetemeka kitanda kinaimba."

Wodi nzima ikacheka, nami ndani ya shuka nikacheka. Kisha mkwe akasogea karibu na pazia, akaacha kupitisha maneno kwa mtani. Akasema taratibu, kwangu mimi: "Nikitoka zamu napita kwa mwanangu. Siri ya mgonjwa ni yako, haivuki mdomo wangu. Niseme nini huko? Au nisiseme?"

Ndugu zangu, pale ndipo maisha yangu yaligeuka. Si kwenye kisu. Kisu alishika daktari. Pale nilikuwa peke yangu na shuka langu. Ningeweza kusema, mama, nyamaza, nikapona kimya kimya, nikatoka na uongo mwingine wa barabara iliyokatika. Nikamfikiria mjomba, aliyeficha hata akafa. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mwambie aje. Mwambie kila kitu, kisha aje."

"Na mimi," mtani akadakia, "mwambieni apitie kibandani, alete lile gunia la chupi za ajabu ninaloliona kila nikipita sokoni."

Wakanichoma siafu yao. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Nililala natazama dari, sioni kitu, ila nikasikia maji yakimiminika kwenye beseni. Yalimiminika, yakamiminika. Uongo wangu wote ulikuwa ule, ndugu zangu, umejaa beseni moja ukamwagwa.

Nilipotolewa, mtani ndiye aliyenilea. Anakunja taulo anainua pumbu lililopasuliwa likae juu, uvimbe usishuke. Anapima mapigo, anatazama bandeji kama inalowa damu, anaondoka, anarudi. Ananilazimisha kukojoa na kunisifu nikikojoa, kama mtoto. Mtu mzima ananipigia makofi kwa mkojo! Leo mimi ndiye ninayewapigia ninyi makofi.

Jioni mchumba akaja. Ana chupa ya uji na lile gunia. Akakaa kwenye stuli. Hakunisalimu.

"Mama mdogo kasema mengine nikuulize wewe mwenyewe. Ni nini?"

"Busha."

"La nini?"

"La maji. Wameyatoa."

Akatazama gunia.

"Maji," akasema.

"Ndiyo."

"Muda wote huu nimemwaza mwanamke wako wa Dar es Salaam. Nimempa jina. Nimempa na rangi ya kanga. Nalala namtukana, naamka namtukana. Kumbe ni maji?"

"Hakuna mwanamke wa Dar."

"Sasa najua! Nimemchukia bure, maskini."

Akamimina uji. Kisha akauliza, "Na ile suruali ya kijivu?"

"Ya harusi."

"Miguu yake mirefu. Lindi nzima umeipima kiuno, mwenyewe hukujipima. Ukitoka hapa niletee nipunguze."

Nikalia, wazee wangu. Mwanamume mzima na bandeji yake, nikalia ndani ya uji.

Mtani akafungua gunia, akainua moja ya zile chupi, wodi nzima inatazama. "Hii," akasema, "ndiyo tegemeo lenyewe! Mfuko unashika pumbu juu, kidonda hakivutwi, mtu anatembea." Akanivalisha. Nikasimama. Nikatembea kutoka kitandani hadi dirishani, miguu pamoja, kama askari wa gwaride. Chupi zile za manati zikawa dawa. Gunia lote nikaliachia wodi.

Nilioa, ndani ya suruali hii. Mzee mmoja akaniuliza, Ustadhi, mbona leo huna kanzu? Nikamwambia, mzee wangu, leo namshukuru Mungu kwa suruali. Na wale walionong'ona kwamba sitazaa, mwaka haukuisha vizuri wakawa wanakula ubwabwa wa mtoto wangu wa kwanza. Sasa wako wanne, wote sura yangu, msihangaike kuchunguza.

Ila siku niliyokwenda kutolewa nyuzi, mtani aliniambia neno lililoninyima usingizi. Alikuwa karibu kurudi kwao Songea. Anafunga bandeji, akasema kama anayejisemea, "Mimi nikiondoka, ndani ya pazia atakaa nani?"

Nikafunga kibanda. Watu wakasema kichaa. Nikarudi kusoma nikiwa na mke na mtoto, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu. Nikaenda Dar es Salaam chuo cha uuguzi, darasa limejaa wasichana, wakaniita Sista. Nikaitika. Nikapata cheti. Nikafanya kazi, nikarudi darasani, nikapata stashahada, na katika mazoezi ya wodi ya wanaume hakuna aliyenishinda, andikeni hilo. Hospitali moja kubwa ya watu binafsi ikanitaka nibaki. Chumba chenye kiyoyozi, sare nyeupe kama vumbi halijawahi kuigusa. Nikakataa. Nikarudi Lindi na kioo changu cha stashahada nimekipakata njia nzima, basi likikwama kwenye tope mimi nashuka nacho.

Na tangu nirudi, mwanamume hajakosa mtu wa ndani ya pazia. Busha, ngiri, tezi dume inayofunga mkojo, vijana ambao korodani imejipinda wanaletwa wanapiga kelele. Yuko mzee mmoja hapa mbele, anajijua, ameanza kukohoa. Aliletwa amejaa mkojo hadi kitovuni, hajakojoa tangu juzi yake. Nikampitishia mpira wa mkojo, taratibu. Ulipoanza kushuka aliniombea dua ndefu hadi mfuko ukajaa. Dua hiyo bado naitumia.

Sasa nishukuru. Mtani wangu Mngoni, popote ulipo Songea: uliniaibisha ukaniokoa, na kwa kuwa ni mtani sikulipi hata asante, nitakuja kwenye msiba wako nitembee kama wewe. Mkwe wangu, unayekaa pale nyuma na kanga ya buluu: shikamoo, mama. Mkwe haonwi, lakini leo nimekuona. Mke wangu, aliyempunguzia mume miguu ya suruali na uongo pia. Daktari, Mungu ampe afya.

Somo langu si refu. Kesho asubuhi mtanyolewa na mwanamume, mtapewa siafu ya mgongoni, mtasikia maji. Baada ya hapo uvimbe hautaisha siku moja, msiogope. Mizigo mizito msibebe mpaka niwape ruhusa, na wake zenu wawavumilie majuma kadhaa, nitawaeleza wao wenyewe. Mkipata homa au usaha, njooni mbio, msije na majani. Kila mmoja atapata chupi yake ya ajabu, mke wangu sasa anazishona hapa hapa. Na ninyi vijana: ukiona uvimbe, njoo ukiwa kama yai. Usingoje uwe urithi.

Tena si madafu, jamani. Ni mbu. Mbu ndiye anayetupandia vijidudu vya matende na busha. Lakini najua hamniamini hata nikiwasomea stashahada yote. Kwa hiyo nimewawekea jambo.

Ile nazi. Nilitoka nayo hospitali, nikaisahau uvunguni, ikachipua chini ya kitanda changu mwenyewe kwa jeuri. Nikaipanda uani. Mzee wangu wa Rondo, mnazi huo ulioegemea, ndio huo. Madafu yaliyorundikwa pale nimeyaangua asubuhi ya leo.

Mrithi wa mjomba ni mimi. Shamba nimechukua, panga nimechukua, nazi nimechukua. Ule mzigo mwingine umekatiwa hapa.

Haya, sogeeni, maana kesho asubuhi mtakuwa hamruhusiwi hata tone. Na dafu la kwanza nanywa mimi, mkiitazama suruali.